Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Mpaka wa Miti Mlimani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleykum.

Risala yetu yahusu mpaka wa miti, yaani kimo cha mlima ambacho miti haikui juu yake. Huenda ukauliza: pwani na miti ya mlimani wapi na wapi? Maji ya Baricho tunayoyanywa hapa Mombasa huvutwa kando ya Mto Sabaki. Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana, huundwa pale Mto Tsavo uteremkao kutoka Kilimanjaro unapokutana na Athi.

Mheshimiwa, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000. Wastani wa Mombasa ni nyuzi 26 hivi. Ukifika mita 3,500 hubaki nyuzi 5 au 6. Hapo mti huwa ungali unajitengenezea chakula kwa majani yake, ila seli zake hazigawanyiki upesi vya kutosha kujenga mbao. Nyasi huinama ardhini penye vuguvugu la jua. Mti husimama katika upepo, tena kivuli chake chenyewe huipoza mizizi yake.

Kupima joto la mpaka huo kunataka uangalifu. Kipimajoto kinachojirekodi hufukiwa sentimita 10 chini ya udongo, kivulini mwa mti, kisome kila saa kwa mwaka mzima. Kikiwekwa juani, au kikining'inizwa kwenye kijiti, kitasoma mchana wa joto na usiku wa barafu, na mti hauishi kwa vipimo hivyo.

Lakini huko Kilimanjaro, baridi si mshtakiwa pekee wa kuuweka mpaka huo. Tangu miaka ya 1970, moto umeuteremsha mpaka wa misitu ya Erika, miti yenye majani madogo membamba ikuayo juu mlimani, kwa mamia ya mita, na Oktoba 2020 mlima uliwaka tena kwa siku kadhaa. Erika iliyoungua huchipua kutoka shinani. Ikiungua tena kabla ya kukomaa, shina huchoka na vichaka hushika nafasi yake. Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu matawi ya Erika hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kama mvua. Kwa hiyo baada ya moto kazi ya kwanza ni kulinda machipukizi, wala si kukimbilia kupanda mikalitusi.

Tunaomba vipimajoto 3, kimoja cha ndani ya msitu, kimoja cha mpakani na kimoja cha juu yake, pamoja na nauli ya kuvipeleka.

Tunaomba kuwasilisha.