Kwako mdogo wangu, kabla hujawarudisha wakwe zako Jozani

Mdogo wangu,

Mama kaniambia wakwe zako wanarudi Unguja na umeshawaahidi msitu wa hifadhi wa Jozani tena. Mimi hukuniuliza. Umemuuliza dereva. Haya, nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei.

Safari hii panga siku kwa kuangalia mwezi. Karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoa kupita siku nyingine, hutoa kiasi cha saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Maji yakitoa ndipo ile njia ya mbao kwenye mikoko inapokuwa na maana: utaona mkoko ulivyosimama kwa miguu yake mingi, mchu, jamaa yake, ulivyochomoza vidole vya mizizi topeni kutafuta hewa, na kaa wanaokimbilia mashimoni wakisikia hatua. Mwonyeshe mama mkwe mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoning'inia. Zimeota zikiwa bado juu ya mama yao, na zikianguka huwa miche tayari. Mara ile uliwapeleka maji yamejaa, ukasimama dakika tano ukasema "mikoko ndiyo hii" mkarudi garini.

Kima punju, wale wekundu wa Unguja, wafuate saa 2 hadi saa 4, au baada ya saa 9 alasiri. Adhuhuri wanalala juu, mtaona mikia tu. Kwa hiyo siku ya bamvua anza na kima, kisha nenda mikokoni. Makundi yaliyozoea watu hukaa upande wa mashamba karibu na lango, si lazima mzame msituni. Wageni wakichanganya punju na kima wengine, mwambie baba mkwe atazame mkono: punju ana vidole vinne virefu, gumba limebaki kijinundu tu. Mgongo mwekundu, tumbo jeupe, nywele nyeupe zimesimama kichwani kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Ndani kwenye msitu wenyewe, viatu vya kufunika na soksi juu ya suruali, kwa ajili ya siafu. Ardhi ile maji yako karibu sana na juu, na wakati wa masika njia hufurika. Paa nunga usiwaahidi. Ni mwoga, na wengi huondoka bila kumwona hata mkia. Chui wa Unguja ndiyo kabisa usimtaje, kwa kuwa anahesabiwa kuwa ametoweka.

Sasa ile ndizi uliyompa kima mara ile.

Ilikuwa mbivu, umeimenya nusu, umeinyoosha. Mkeo kashika simu anapiga picha. Yule punju jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akashuka tawi kwa tawi. Mimi nikakupiga mkono, ndizi ikaanguka, jike akaruka kuelekea barabarani, na ile breki ya gari sijaisahau. Alipona. Wewe ukacheka: "Kima tu yule." Mbele ya wakwe zako. Nyumbani ukasema nimekuaibisha.

Punju anakula majani. Tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe, na vijidudu vya humo vimezoea majani machanga na matunda mabichi. Tunda bivu lina sukari nyingi, huchacha upesi, tumbo likajaa gesi na asidi. Hata majani ya mwembe na ya mti wa mkungu yana sumu yake, na ndiyo maana wale wa mashambani huokota makaa wakayatafuna, yanyonye ile sumu. Mnyama anayejitafutia dawa jikoni kwa watu, wewe unampa ndizi! Na akishazoea mkono wa mtu, atamfuata mtu hadi barabarani. Matuta yale hayakuwekwa kupamba lami. Yamepunguza vifo, hayajavimaliza. Kima hawa walipohesabiwa vizuri Unguja nzima hawakufika 6,000, na baadhi yao wako nje ya hifadhi, ambako hakuna wa kukupiga mkono.

Labda ningekuita pembeni. Nimelifikiria hilo. Lakini pembeni ungefika lini, na ndizi ilikuwa imeshafika?

Basi: mita 3 kati yenu na kima, hata akija mwenyewe, rudini nyuma. Taa ya kamera izimwe. Mwenye mafua abaki garini, maana mafua yetu huwapata. Mwongozaji wa hifadhi akisema twende, mwende, usibishane naye kama ulivyobishana nami. Mkipanda daladala ya Makunduchi au Jambiani, mwambieni konda awashushe Jozani getini.

Mkeo msalimie. Picha ile kama bado anayo, aifute, au anitumie mimi. Na ndizi zenu mzile kabla hamjafika kwenye matuta.