Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kanada: tuanze na meli za barafu tulizo nazo

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Halifax, mji ulioziunda meli ninazotaka kukuzungumzia, nikiomba zijaribiwe kurusha droni kwenye barafu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa walipa kodi wa nchi hii hawazungumzi lugha mbili tu, na ofisi yako haitakosa mtu wa kuisoma barua hii.

Siku hizi kila jeshi la majini linatamani meli ya kurushia droni. Uturuki iliiandaa TCG Anadolu kwa ajili ya ndege za kivita za F-35. Nchi hiyo ilipoondolewa kwenye mradi wa ndege hizo mwaka 2019 ikageukia droni, na Novemba 2024 droni ya Bayraktar TB3 ikaruka na kutua juu ya sitaha yake. Iran nayo iligeuza meli ya makontena kuwa meli ya droni, Shahid Bagheri. Ni kazi za kusifiwa, ila zilifanywa kwa ajili ya bahari zisizoganda. Ukiipeleka yoyote kati yake Lancaster Sound, mlango bahari wa kaskazini mwa Kanada, mwezi Oktoba, utaifuata kwa meli ya kuvunja barafu.

Sisi tunazo meli sita za daraja la Harry DeWolf. Ramani yake ilianzia kwenye KV Svalbard ya Norway, iliyofika Ncha ya Kaskazini mwaka 2019. Zina urefu wa mita 103 na hupasua barafu ya msimu mmoja yenye unene wa mita moja. Mitambo ya omo, yaani mbele, imefunikwa isigande. Upande wa tezi, yaani nyuma, kuna sitaha na banda la helikopta, nafasi ya makontena na kreni ya tani 20. Sehemu iliyo ghali na ngumu, yaani mwili wenyewe, tumekwisha kuilipia.

Kwa hiyo naomba, usishawishike na michoro ya sitaha ndefu. Mwili wa kuvunja barafu huyumba sana kwenye maji ya wazi, na mawimbi yakirukia juu yakaganda, uzito hupanda pabaya. Kuongeza chuma huko juu ni kutafuta balaa. Droni za kupaa wima zinatosha, na vifaa vyake vyote vikae ndani ya kontena linaloshushwa bandarini meli ikipewa kazi nyingine.

Tatizo halisi ni hewa, na hapo ndipo ningependa fedha ziende. Watu hudhani adui ni baridi kali. Baridi kali ikiwa kavu, droni huivumilia, mradi betri zitunzwe kwenye joto kabla ya kuruka. Kinachoangusha droni ni ukungu unaofuka pale barafu inapopasuka na maji kuonekana: matone yaliyo chini ya sifuri lakini bado hayajaganda, yanayoganda papo hapo yakigusa panga la droni. Na panga likiwa dogo na jembamba, hunasa barafu haraka zaidi kuliko la helikopta. Dira nayo huko haiaminiki, kwa kuwa mvuto wa sumaku ya dunia huelekea chini karibu wima. Ukipita nyuzi 75 kaskazini, setilaiti za mawasiliano zilizo juu ya ikweta huonekana chini kabisa kwenye upeo wa macho, na siku jua likichafuka kwa dhoruba zake, redio hukatika. Droni isiyojua kurudi melini peke yake, bora ibaki bandarini.

Ombi langu ni dogo. Toa meli moja, vuli moja, ikafanye majaribio ukunguni, siyo siku ya jua mbele ya wapiga picha. Kazi ya kwanza ya droni iwe kutangulia kutafuta njia kwenye barafu, kazi ambayo nahodha ataifurahia kuliko kombora. Meli hizi zina mabaharia wapatao 65 tu, hivyo ijulikane mapema nani anarusha na nani anakwangua barafu. Walinzi wa Pwani, ambao sasa wako chini ya wizara yako, wanaundiwa meli mbili za ukoo huohuo. Washirikishwe tangu mwanzo.

Ripoti itolewe hadharani, hata ikiwa mbaya, kabla wizara haijasaini mkataba wa meli nyingine yoyote ya droni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Halifax, mzaliwa wa Tanga