Barua kwa Rukia kuhusu mke wa mungu

Tanga,
9 Februari

Sahibu yangu Rukia,

Salamu nyingi kwako na kwa bibi. Barua yako imenikuta nimekwisha kuitazama mara mbili ile filamu ya Kitamil niliyokutajia, *Sringaram* ya Sharada Ramanathan, na swali lako, kwamba wachezaji wa hekaluni walikuwa watawa au makahaba, limenikaa rohoni hata nikaona si la kujibiwa kwa simu.

Sisi tuliolelewa na sinema za Kihindi tumezoea ngoma inayokatiza kisa, watu wakaimba mlimani, kisha hadithi ikaendelea. Humu ngoma ndiyo kisa chenyewe. Ni miaka ya 1920, kusini mwa India, na Madhura, anayechezwa na Aditi Rao Hydari kwa utulivu wa mtu aliyeisomea ngoma hiyo hasa, ni devadasi, yaani mjakazi wa mungu. Binti wa namna hiyo alivishwa kidani kidogo hekaluni akahesabiwa ameolewa na mungu. Na kwa kuwa mungu hafi, mkewe hakai eda maishani mwake. Katika nchi ambako mjane alionekana nuksi, mwanamke asiyeweza kufiwa alikuwa heri tupu, hata watu wakamtaka yeye ndiye atunge uzi wa kidani cha bibi harusi.

Lakini mume wa jiwe halishi mtu. Zamani walilishwa na mali ya wakfu: kwenye kuta za hekalu kuu la Thanjavur, lililokamilika yapata mwaka 1010, yamechongwa majina ya wanawake 400, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Waingereza walipoumeza ufalme wa Thanjavur katikati ya karne ya 19, mara nyingi mlezi aliyebaki alikuwa tajiri mwenye mashamba, ambaye hakutoa bure. Ndiye Mirasu wa filamu hii, anayechezwa na Manoj K. Jayan. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba swali lako lina milango miwili, na mwanamke yule hakuingia kwa wowote kati ya hiyo.

Ngoma yenyewe ina nyimbo za taratibu ambamo njuga hukaribia kunyamaza, mstari mmoja ukarudiwa tena na tena, na kila urudiwapo mchezaji huugeuza maana kwa macho na vidole. Anamwambia mpenzi wake kuwa amechelewa: mara ya kwanza anabembeleza, ya pili ana kejeli, ya tatu amekwisha kuuona mwilini mwa mpenzi huyo wanja wa mwanamke mwingine. Muziki wa filamu ni wa Lalgudi Jayaraman, bingwa wa fidla, na ulimpatia tuzo ya taifa ya India. Picha za Madhu Ambat nazo zilipata, ingawa kwangu mimi zinapendeza mno, hata dhiki inang'aa.

Kinachoniuma ni yaliyofuata baada ya miaka ile. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyohiyo, alipigania kukomeshwa kwa desturi ya kuwaweka mabinti wakfu, na sheria ikapita Madras, kusini humohumo mwa India, mwaka 1947. Simlaumu, alijua alichokiona nyumbani. Ila kabla ya hapo, mwaka 1935, Rukmini Devi, mwanamke wa Kibrahmin, tabaka la juu la Wahindu, alikwisha kuicheza ngoma ile hadharani. Ikapunguzwa mahaba yake, ikaenea kwa jina la Bharatanatyam, na mabinti wa watu wenye hadhi wakaanza kupelekwa kuisomea, huku wengi wa waliorithi njuga wakiona haya kutaja ukoo wao. Balasaraswati, mzawa wa ukoo huo, alikataa: alicheza mahaba yaleyale mpaka uzeeni, akisema ndiyo roho ya ngoma.

Nitakuja baada ya Idi na nakala yangu. Mazungumzo nitamtafsiria bibi mimi, ingawa kwenye zile nyimbo za wanja sidhani kama atanihitaji.

Wako,
Mwanaisha