Jumamosi: tuzungumzie magogo

Hamjambo wachongaji wenzangu,

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, palepale karakana. Ajenda ni moja tu: magogo.

Naomba tuache muhugu. Najua wazee wetu wataumia, kwa sababu ni mti unaopokea tezo vizuri sana. Lakini hukua polepole mno, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauwezi kutulisha sote. Mwarobaini umejaa pwani hii, hukua haraka, na mwenye shamba anafurahi kutuuzia.

Najua mtasema unapasuka. Unapasuka kwa haraka yetu! Twiga anachongwa mti ukiwa mbichi, anapigwa msasa, anapakwa rangi ya viatu, kesho yuko kwenye katoni. Akifika Ulaya, kwenye nyumba zenye hewa kavu, shingo inafunguka na mnunuzi harudi tena. Toa umbo kwanza, liweke kivulini mbali na upepo, likauke taratibu, ndipo umalizie. Ndiyo, pesa itachelewa, na hilo ndilo nataka tulijadili kwa kina: tutaishije mzigo ukiwa bado unakauka?

Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoleta ujuzi huu kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uchongaji umesomesha watoto wengi wa Ukambani. Wangu wamo.

Kila mmoja aje na kinyago kimoja cha mwarobaini, hata kilichopasuka. Akina mama wa msasa, tafadhali msikose. Mchango wa gari la magogo apewe mweka hazina.