Violezo vya kisanduku cha maelezo ya mchoro

Wakuu, habari za leo. Faili za DWG (michoro ya AutoCAD) tunazopokea kutoka nje zina visanduku vizuri vya maelezo pale kona ya chini, ila bado tunazikopi na kufuta majina kwa mkono. Ndiyo maana jina la mteja mwingine hujikuta kwenye karatasi iliyokwisha chapwa. Hilo linanikera kweli. Tutengeneze violezo vyetu.

Kwenye AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, anza na amri za AUDIT (hurekebisha makosa ya faili) na PURGE (huondoa visivyotumika), kisha pima fremu ya karatasi. A1 isome milimita 841 kwa 594. Ikisoma kama 33.11, imechorwa kwa inchi. Ikuze mara 25.4.

Maneno ya kudumu kama "Mchoraji" na "Tarehe" yaache. Yale yanayobadilika yafute, uweke ATTDEF (sehemu ya kujaza) mahali pake. Halafu unganisha vyote kuwa kitu kimoja kwa amri ya BLOCK, nukta yake ya kushikia (base point) ikiwa kona ya chini kushoto ya fremu. Hapa tulieni: sehemu za kujaza zichague moja moja, kwa mpangilio unaotaka programu iziulize. Ukizizoa zote kwa mpigo, inaweza kuuliza tarehe kabla ya jina la mradi. Ukikuta tayari zimevurugika, amri ya BATTMAN itazipanga.

Iweke kwenye ukurasa wa kuchapia kwa kipimo cha 1:1, kisha hifadhi kama DWT (faili ya kiolezo). Ukiongeza sehemu baadaye, endesha amri ya ATTSYNC (husawazisha sehemu za kujaza), la sivyo karatasi zilizomo tayari hazitaipata.

Mwenye A3 iliyosafishwa aitume humu kabla ya Ijumaa, nitaikagua.