Jibu limo karatasini: barua kwa wanangu mnaoomba vyuo vikuu

Wanangu mliomaliza kidato cha sita, wa Unguja na wa Pemba, na nyinyi walimu wa twisheni mnaowapokea jioni,

Assalaamu alaykum.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mtaniwia radhi sauti ikipanda. Kilichonikera ni vitini vya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vya nje. Vinapita mkono kwa mkono, kopi ya kopi hata herufi zimefifia, na vyote vinafundisha jambo moja: usiisome habari, tafuta neno la swali ndani yake, nakili lililo jirani, songa mbele. Yaani kijana anaingia kwenye mtihani wa kusoma akiwa ameshauriwa asisome! Matokeo yakirudi mabaya, kinacholaumiwa ni Kiingereza.

Kwanza ijueni karatasi yenyewe, maana wengi mnaiogopa bila ya kuijua. Karatasi ya kusoma ya IELTS kwa wanaokwenda vyuo vikuu ina habari 3, maswali 40 na dakika 60. Habari zote tatu kwa pamoja ni maneno baina ya 2,150 na 2,750. Kila swali lina alama moja, na ukikosea hukatwi kitu, kwa hivyo nafasi tupu haina utetezi. Ukipata kama 15 uko daraja la 5, kama 23 daraja la 6, kama 30 daraja la 7. Vyuo vingi vya nje vinataka 6 au 6 na nusu, na hapo mtaona kwamba hamkutakiwa kuyapata yote 40. Mlichotakiwa ni kutoyapoteza yale mnayoyaweza.

Muda nao. Anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 za kuhamishia majibu ya kusikiliza. Kwenye kusoma hupewi hata moja, na kila mara wapo wanaojaza kijitabu cha maswali huku karatasi ya majibu imebaki nyeupe. Jaza hapo hapo. Habari zinazidi ugumu kadiri unavyokwenda, basi usizigawe sawasawa: dakika 17 ya kwanza, 20 ya pili, 23 ya mwisho.

Sasa nije kwenye kinachonichoma. Kuna maswali ya Kweli, Si Kweli, na Haikutajwa. Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoanguka, tena wale hodari.

Chukueni mfano wa nyumbani. Habari inasema: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali sehemu kubwa ya mikarafuu ya Pemba ilisalimika. Basi. Haikusema zaidi. Unapewa sentensi tatu. "Mikarafuu mingi ya Pemba ilibaki imesimama." Kweli. "Visiwa vyote viwili viliumia sawasawa." Si Kweli, kwa kuwa habari inapinga. Ya tatu: "Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba." Hapa mtoto wa Mtambile, Pemba, anaruka kitini. Kweli! Babu yake amechuma, mama yake ameanika, yeye mwenyewe amechambua vikonyo. Anaandika Kweli na anakosa, kwani sentensi hiyo ni ya kweli duniani lakini kwenye karatasi haimo. Jibu ni Haikutajwa.

Mtahini hakukuulizeni mnajua nini. Ameuliza mwandishi amesema nini. Mwenye elimu nyingi juu ya jambo ndiye aliye hatarini zaidi, maana kichwa chake kinajaza pengo kabla macho hayajafika.

Dawa ni kidole. Unaweza kukiweka juu ya sentensi inayosema jambo hilo? Kweli. Juu ya sentensi inayosema kinyume chake? Si Kweli. Kidole hakina pa kukaa? Haikutajwa, na wala usijitungie. Maswali ya aina hii hufuata mpangilio wa habari, kwa hivyo jibu la swali la 5 litakuwa baina ya palipokuwa jibu la 4 na palipo jibu la 6. Ukishapatafuta hapo kwa dakika moja na hukuona kitu, kutokuona ndiko jibu.

Tazameni na vijineno. "Most" si "all". "May" si "will". "Only" hugeuza sentensi nzima. Kitini kinakwambia utafute nomino kubwa kubwa, na mtahini anajua hivyo, kwa hivyo mtego ameuficha kwenye vijineno. Nyinyi mngekuwa watu wa mwisho kuhitaji kuambiwa haya. Mmekalishwa mkekani kwenye chuo cha Kurani tangu wadogo, mkafundishwa kuwa irabu moja ikigeuka maana imegeuka, na mwalimu hakukupitisheni aya mpaka mmeisoma sawa. Uangalifu ule mmeuacha wapi?

Nijibu mwenyewe: tumeuacha skuli, na kosa si lenu peke yenu. Skulini mtoto husoma ili akumbuke. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, mtihani unauliza kilichonakiliwa. Mwanafunzi anaweza kufika kidato cha sita bila ya kumaliza kitabu kizima kwa hiari yake, cha lugha yoyote. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Tukabishana lugha ipi itumike, na mpaka leo tunabishana, ila kusoma kwenyewe hatukukuuliza. Mpeni kijana habari ya gazeti la *Zanzibar Leo*, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa nacho, kisha mpeni sentensi kumi za Kweli, Si Kweli na Haikutajwa. Mtashangaa. Anayekosa nne kwa Kiswahili hatapata kumi kwa Kiingereza. Walimu, anzeni hapo: wiki mbili kwa Kiswahili, kila siku habari moja, na kila jibu liwe na kidole.

Mengine nayataja tu. Ukiambiwa usizidishe maneno mawili, matatu ni sifuri, na "the" ni neno. Neno la kunakili ulinakili kama lilivyo, tahajia mbovu ni kosa. Mkiambiwa mpe kila aya kichwa chake, vichwa huwa vingi kuliko aya, vitabaki, msishituke. Maswali ya "aya ipi ina habari hii" hayafuati mpangilio, yafanyeni mwisho. Matokeo hudumu miaka 2, usifanye mtihani mapema halafu yakaisha kabla hujaomba.

Msamiati hauji kwa kumeza kamusi. Ziko familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na yanayonyambulika nalo) alizozikusanya mtafiti wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000, na hizo hubeba kama sehemu moja ya kumi ya maandishi ya chuo kikuu. Ni kazi ya miezi sita kwa maneno matano kwa siku, siku za mapumziko zikiwemo. Lakini hazimsaidii asiyejua bado yale 2,000 ya kawaida. Kipimo chepesi: hesabu maneno 100 ya ukurasa. Usiyoyajua yakiwa mawili au pungufu, kitabu hicho kisome peke yako, tena kingi. Yakifika matano, kisome na mwalimu. Yakizidi, kiweke. Mnang'ang'ania magazeti ya wasomi wa London yenye maneno kumi na tano mageni kwa mia, mnafasiri moja moja juu ya mstari kwa penseli, na mkifika chini ya ukurasa ya juu mmeshayasahau.

Walimu, kuwapima hakuhitaji kununua kitu. Chukua habari ya maneno kama 300, sentensi ya kwanza na ya mwisho ziache kamili, katikati futa kila neno la saba, wape wajaze. Anayerudisha maneno yale yale chini ya manne katika kumi, habari hiyo imemzidi. Mpe nyepesi zaidi, na usimwonee haya.

Jina la kujisajilia liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokuja nacho, herufi kwa herufi, pamoja na lile la babu kama limo. Na anayevuka bahari kutoka Pemba, akipandia Wete au Mkoani, asivuke asubuhi ya mtihani. Afike siku mbili kabla, hasa miezi ya upepo wa kusi, apumzishe kichwa kilicholewa bahari, na usiku wa kuamkia mtihani asifungue kitini.