Kabla Hujachagua Programu ya Kuandikia Kitabu Chako

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mwalimu mstaafu, flashi mkononi. Riwaya yake alikuwa ameiandika kwa miaka miwili na alitaka tuipange kurasa. Tulipoichomeka flashi tukakuta faili moja ya kilobaiti chache, isiyo na hata aya moja ya riwaya. Alikuwa ametumia Scrivener, programu ya kuandikia vitabu, ambayo kwenye Windows huhifadhi kazi katika folda yenye mafaili mengi. Yeye alinakili moja tu, lile lililokuwa na jina la kitabu. Maandishi yenyewe yalibaki nyumbani Kibaha. Alirudi kuyafuata jioni ileile na tukayapata yote, ila uso aliokuwa nao wakati anatoka mlangoni hatujausahau.

Scrivener si programu mbaya. Kwa riwaya ndefu ni nzuri sana: kila sura, hata kila tukio, hukaa peke yake, na ukitaka sura ya tisa iwe ya pili unaiburuta tu. Inanunuliwa mara moja, hakuna malipo ya kila mwezi, na unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 30 za matumizi. Lakini haina toleo la Android. Kama wewe ni mtu wa kuandika kwenye simu ukiwa safarini, na simu yako ni Android kama za wengi wetu, hapo tayari una jibu.

Wateja wanatuuliza programu ipi ni bora. Sisi tunawauliza kwanza: mswada utatokaje humo? Mhariri ataurudisha na masahihisho yake, mpanga kurasa atautaka, mchapaji naye atafuata. Karibu wote hao wanapokea faili la docx, yaani aina ya faili ya Word. Programu yoyote inayotoa docx safi inakufaa, na isiyotoa itakutesa mwishoni hata iwe na mwonekano mzuri kiasi gani.

Word ya Microsoft inatoa docx, na wahariri wengi wanaijua. Tatizo ni malipo. Ukiwa na ile ya kulipia kwa mwezi au mwaka, muda ukiisha utaweza kufungua mswada wako na kuusoma, lakini huwezi kuubadilisha. Kwa sababu hiyo wengi wanawekewa nakala za wizi madukani, na kompyuta zao zinatufikia zimejaa virusi. Tunawasihi waache. LibreOffice ni ya bure kihalali, haihitaji intaneti, na inahifadhi kwa docx. Imetokana na OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Google Docs tunampendekezea yeyote ambaye hana kompyuta yake mwenyewe. Simu ikiibwa kwenye daladala, kitabu kipo salama mtandaoni. Ukifuta sura kwa hasira usiku, asubuhi unairudisha kutoka kwenye historia ya faili. Kazi bila intaneti inawezekana, ila uiwashe mapema ungali na bando.

Sasa jambo ambalo makala nyingi za kigeni haziligusi: lugha. Programu nyingi zinakuja zimewekewa Kiingereza, na hapo Kiswahili chako kinaumia. Simu inageuza maneno yako kimyakimya. Kwenye kompyuta, ukiwasha ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, kanuni za Kiingereza zinaweza kukukatia "nyum-ba" na "mwanam-ke", wakati silabi zetu zinataka "nyu-mba" na "mwana-mke". Tumewahi kupokea kitabu cha watoto kilichokwisha kuchapwa kikiwa na makosa hayo kurasa nzima. Mtoto anayejifunza kusoma silabi alipewa silabi za uongo.

Kwa hiyo weka lugha ya faili kuwa Kiswahili, na ukataji wa maneno uzime, tuachie sisi. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Inaweza kupigia mstari mwekundu maneno sahihi kama "hawakutuelezea", kwa kuwa vitenzi vyetu vinabeba viambishi vingi kuliko kamusi inavyoweza kuorodhesha, lakini "habri" na "kitbau" itayakamata.

Na tafadhali, vichwa vya sura viwekee mtindo wa "Heading 1", yaani mtindo wa kichwa kikuu uliomo ndani ya programu, na usibonyeze Enter mara ishirini ili kufika ukurasa mpya. Tunatumia siku nzima kufuta nafasi hizo, na siku hiyo inaingia kwenye ankara yako.

Kama bado hujaanza, au umefika sura ya kwanza tu, tuletee hiyo sura moja. Tutaifungua mbele yako, tuiweke sawa lugha na mitindo, tukuonyeshe namna ya kutoa docx na kuweka nakala ya pili nje ya kompyuta. Kwa sura ya kwanza hatutozi chochote. Ukija na flashi, nakili folda nzima.